Tupeane uzoefu: makumbusho au makaburi ya vita yaliyowahi kukutoa machozi

Mwana wa Ruvuma
Wakuu, jana dogo wangu alikuwa anasoma mambo ya Kinjekitile, yule mganga wa vita ya Majimaji, nikakumbuka Makumbusho ya Majimaji pale Songea. Nilijua ntazunguka fasta nikatafute msosi. Weee! Unafika kwenye lile kaburi la pamoja, mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Mjerumani 1906, halafu Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano yuko peke yake pembeni na kichwa inasemekana kilibebwa Ujerumani. Nikakuta jina la ukoo wa mama. Miguu ikagoma.

Chausiku
Pale pazito jamani.

Mtani wa Iringa
Kama hujafika makumbusho ya Kalenga huku Iringa hujaona kitu, fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe unatazamana nalo macho kwa macho.

Mdadisi
Una uhakika ni lake? Wajerumani walilibeba, halafu Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuta mafuvu kibao makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akachagua kwa vipimo, 1954 wakakabidhiwa.

Mtani wa Iringa
Lina tundu la risasi na mwenyewe alijipiga risasi 1898, unataka na cheti cha kuzaliwa?

Binti Muleba
Nyie bishaneni. Sie baba mdogo alienda vita ya Kagera 78 akamuaga bibi kwamba Krismasi yuko nyumbani, ndo ikawa mazima. Miaka imepita tukampeleka bibi Kaboya, makaburi yamepangwa mistari mistari, tukatafuta mpaka jua linawaka utosini, tukalipata ila jina limekosewa herufi. Mashangazi wakaanza kuzozana ni yeye sio yeye. Bibi wala hakuuliza mtu, akakaa chini akaanza kumgombeza, "Krismasi gani hiyo, mbuzi nilimchinja akaliwa na majirani!" Mwanajeshi aliyetusindikiza akageukia kule. Tulicheka huku tunalia.

Chausiku
Dah, pole mno dada. Huyo mbuzi kanimaliza.

Mwana wa Ruvuma
Kabla hamjaenda ongeeni na wazee wa familia, wawape majina. Na Songea nendeni Februari 27 kwenye kumbukizi, kuna ngoma na wazee wa Kingoni.

Baba Pili
Usiende siku hiyo, viongozi na maturubai tu, kaburi hulioni. Na watoto waacheni nyumbani.

Chausiku
Watoto ndo wa kwanza kupelekwa!

Mdadisi
Kalenga Jumapili wanafungua?

Mtani wa Iringa
Kwako wewe pamefungwa.