Naomba ushauri: mdogo wangu ameacha chuo cha ufundi, yuko mjengo

Hamjambo ndugu na dada. Mdogo wangu wa kiume, miaka 20, alipata D+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Diploma inataka C-, kwa hiyo kupitia KUCCPS (wanaowapangia wanafunzi vyuo) akaingia kozi ya umeme ya cheti, chuo kimoja hapa Nairobi. Muhula wa pili akaacha. Sasa yuko mjengo Kilimani anavuta waya chini ya fundi, na jioni hakosi pesa mfukoni. Anasema wavulana watatu wa darasa lake waliacha vilevile, wasichana wote wamebaki. (Na mimi nilidhani umeme ni wa wavulana!)

Mkopo wa karo tuliomba, ukachelewa. Baba alimfokea, mambo yakaharibika zaidi. Fundi wake nimemwomba ampe nafasi ya kusoma, anaweza kumwachilia Jumamosi tu.

Kazi anaiweza, ukweli usemwe. Ndiyo maana nawaza mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani), gredi ya 3, ile ya kuanzia, afanye huku akiendelea na kibarua. Aliyepitia njia hiyo: cheti kilimsaidia kurudi chuoni baadaye, au alianza upya? Na akirudi kozi ileile, atalipishwa tena muhula aliouacha katikati?