Nyumba ndogo juu ya tela: bati linatoa jasho, pengo la ukuta nijaze nini?

Mlina_Sikonge:
Wakuu habari, na shikamooni wanaostahili. Nipo Tabora mjini, mizinga yangu iko upande wa Sikonge, na kulala kwenye turubai kila msimu wa kulina kumenichosha. Nimechukua chesisi ya tela la trekta, nikachomelea fremu ya skwea paipu za inchi mbili, nje nikavika bati la msauzi. Urefu futi 14, upana 7. Kitanda, meza, jiko la gesi la mtungi mdogo, basi.

Shida zangu: Oktoba mchana humo ndani hakukaliki. Juni usiku baridi likishuka, asubuhi bati linatiririka maji kwa ndani mpaka godoro linalowa. Na tukivutwa njia ya porini, vumbi linajaa kila kitu.

Nimeambiwa nijaze pumba za mpunga kwenye lile pengo la inchi mbili halafu nifunge plaiwudi. Mwingine anasema nipige silikoni kila kona nisiache hata tundu la sindano. Nimsikilize nani?

Kijana_wa_Cheyo:
Jenga tembe mkuu 😂 Nenda Kwihara kaone lile alilokaa Livingstone mwaka 1872, kuta za udongo nene, wala halitoi jasho.

Mlina_Sikonge:
Tembe halivutwi na trekta ndugu yangu.

Fundi_Kibirizi:
Wangaluka mlina. Mimi nimekulia Kibirizi, Kigoma, kwenye kuunda maboti ya mbao. Siku hizi nipo Ng'ambo hapo hapo Tabora natengeneza bodi za malori. Nyumba yako ni boti na lori kwa pamoja, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu kidogo.

Pumba achana nazo. Joto zinazuia, sibishi, ila nyumba ya tela inatikisika. Ukifika Sikonge zimeshashindiliana chini, nusu ya juu ya ukuta iko tupu, na hutajua kwa sababu umeshafunga plaiwudi. Halafu wewe ni mlina! Ukuta mkavu, wenye giza na uwazi ndani, mwenye nyumba ananuka nta: huo ni mzinga umeutega mwenyewe. Nyuki hahitaji tundu kubwa, ufa wa milimita sita unamtosha.

Hilo jasho halitoki nje. Ni pumzi zenu. Watu wawili wakilala usiku kucha wanatoa maji zaidi ya nusu lita, na gesi ikiwaka nayo inatoa mvuke. Hewa hiyo ikigusa bati la baridi inageuka maji. Kwa hiyo kazi ni kuizuia isilifikie bati. Tafuta stairofomu, ile nyeupe inayofungiwa friji na televisheni, lakini nunua ya mashiti mazima. Kata ikabane hasa kati ya paipu na paipu, kingo zake jaza povu la kopo, lile la kupulizia linalovimba na kuganda. Gundi ya viatu usiiguse, inayeyusha stairofomu ukiwa unaangalia. Nailoni ya ndani usiweke: bati tayari halipitishi kitu, ukiziba pande zote mbili maji yakipenya hayana pa kutokea. Na ile mifereji ya migongo ya msauzi, ziba juu, chini acha vitundu vya kutolea maji uvivike wavu.

Paipu zenyewe ndizo watu wanazisahau. Ukipigilia plaiwudi moja kwa moja kwenye chuma, baada ya muda utaona mistari ya unyevu imejichora ukutani, kila mstari na paipu yake. Funga kwanza mbao za moja kwa mbili juu ya paipu, plaiwudi ikae kwenye mbao.

Sasa kuziba. Silikoni inayonuka siki usiiweke kwenye bati, ile asidi yake inakula zinki na kutu inaanzia chini yake. Kwenye spea za magari ulizia poliurethani ya kubandikia vioo vya mbele. Inabaki kama mpira. Sisi kwenye boti tulikuwa tunakalafati kwa pamba iliyolowa mafuta, tunaigongea ndani ya mwanya kabisa, kwa sababu mbao zinacheza majini. Na tela linacheza. Kupaka juu ya ufa si kuziba, iingize ndani. Skrubu za bati ziwe na washa za mpira.

Oktoba dawa yake iko juu: bati la pili, jeupe, lililoinuliwa inchi mbili juu ya paa, hewa ipite katikati.

Huyo wa "usiache tundu" atakuua kwa kukosa hewa. Weka matundu mawili yenye wavu, moja chini upande huu, jingine juu upande wa pili, na yasizibwe hata Juni. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kwa kuota dakika kumi. Na ukuta wa nyuma ya jiko la gesi usiweke stairofomu, ikishika moto moshi wake ni sumu.

Mama_Isevya:
Kaka, kabla hujafunga plaiwudi livutwe kwanza porini likiwa tupu. Sisi tulifanya hivyo kwenye tela letu la kubebea vifaranga. Vumbi letu la Tabora ni jekundu, linachora mstari ndani kila lilipopenya. Unapita na chaki unaweka alama.

Mlina_Sikonge:
Asanteni sana, fundi na mama. Pumba nimezirudisha mashineni 😅 Jumamosi nalivuta. Ila mlango? Ni wa chuma, poliurethani si itaugandisha?

Fundi_Kibirizi:
Mlango hauzibwi, unavikwa mpira. Chukua ule wa mlango wa gari, kwa mafundi bodi unapatikana hata uliotolewa kwenye magari chakavu. Pima kwanza nafasi mlango ukiwa umefungwa: ukichukua mnene sana, kitasa hakitashika.