Mwekezaji anataka nisajili kampuni Delaware, jimbo la Marekani, kabla hajatoa hela. Nikubali?

SatoFreshi: Wakuu, salaam. Niko Mwanza. Nakodisha makasha ya baridi ya sola kwa akina mama wanaouza sato na sangara Mwaloni, Kirumba. Nilianza kwa sababu ya mama yangu: kila mchana barafu ikiisha, anauza kwa bei ya kutupa. Leo makasha 38 yako kazini.

Juzi nilimweleza mwekezaji wa Nairobi kwa dakika 20. Slaidi hakuzijali sana, ila nilipofungua daftari la malipo ya kila siku alisogeza kiti. Anaweka dola 150,000 kwa mkataba wa SAFE, yaani anatoa hela leo na kupata hisa baadaye, duru ya uwekezaji ikifika. Kikomo cha thamani ya kampuni ni dola milioni 1.5, hela yake ikiwa imo humo humo. Sharti: kampuni mama iwe Delaware, hii yangu niliyosajili BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, iwe chini yake. Kuna mtu wa Dar naye aliweka dola 75,000 mwaka jana, masharti yale yale. Nisaini?

Kaka_wa_Ilala: Hongera dada, kwanza. Mimi nilihamia Delaware 2021, nikuambie kilichonikuta. Kusajili ni kazi ya siku chache, tena kwa mtandao. Mwaka uliofuata, kabla ya Machi 1, nikaona deni la kodi ya jimbo: dola 85,165. Benki nilikuwa na 61,000. Usiku ule sikulala, na mke wangu sikumwambia.

Kumbe kampuni ilisajiliwa na hisa milioni 10, kama wanavyofanya wengi, na deni lile linapigwa kwa idadi ya hisa. Kuna njia ya pili inayoangalia mali za kampuni. Nilipohesabu kwa njia hiyo nikalipa dola 400, na 50 za ripoti ya mwaka. Hakuna aliyenidokeza. Wewe ukiiona namba ile, usilipe. Hesabu upya kwanza.

Halafu kuna fomu 5472 ya serikali kuu ya Marekani, kwa sababu wenye hisa ni wageni na hela zinapita kati ya kampuni mama na ya huku. Kutoijaza faini yake inaanzia dola 25,000. Hiyo tafuta mhasibu.

HesabuKwanza: Naomba tuangalie hesabu, maana hapo ndipo wengi wanaumia. 150,000 kwa milioni 1.5 ni asilimia 10. Yule wa Dar, asilimia 5. Kwa mkataba wa aina hii hawapunguzani wao kwa wao. Asilimia zote 15 zinatoka kwako, unabaki na 85. Duru ijayo wawekezaji wapya wakichukua asilimia 20, wewe unashuka hadi 68, na hapo hujatenga hisa za wafanyakazi. Kila SAFE unayosaini iandike kwenye jedwali la nani ana hisa ngapi siku hiyo hiyo, usingoje.

Mwanasheria_Arusha: Mimi sikubaliani na kukimbilia Delaware. Muulize kwanza: je, mfuko wake umekatazwa kuwekeza kampuni ya Tanzania, au ni mazoea tu? Kama ni mazoea, mvutane. Kama ni lazima, basi gharama ya wakili aibebe yeye, na hisa za kampuni ya huku uzihamishie kampuni mama sasa, ikiwa bado na thamani ndogo. Kuhamisha hisa kunapita TRA, mamlaka ya kodi, na ukisubiri ikue, kodi nayo itakua.

SatoFreshi: Asanteni sana. Leo asubuhi nimemwandikia swali hilo hilo la mfuko. Amejibu kwamba katiba yao inataka Delaware au Mauritius, ila gharama ya wakili ataibeba yeye. Jedwali nimelichora, na ile 85 nimeizungushia duara. Kaka wa Ilala, huyo mhasibu wa 5472 ulimpata hapa nchini?

Kaka_wa_Ilala: Hapana dada, yuko huko huko Marekani, ana leseni yao. Tunaongea kwa simu usiku. Nakutumia namba yake faragha.