Safari ya baiskeli kati ya Tanga na Bagamoyo na ujenzi wa nyumba ya bibi: tupange vipi?

Katibu wa kikundi, Tanga mjini

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha waendesha baiskeli, wanawake kwa wanaume, hapa Tanga mjini. Tumekusudia kwenda Bagamoyo mwezi Julai kwa kupitia Muheza, Segera, Mkata na Msata, na tukifika tumjengee nyumba ya vyumba viwili bibi mmoja anayelea wajukuu pembezoni mwa mji, ambaye kuta za nyumba yake ya udongo zimeanguka katika mvua za masika. Wazo tulilipata kwa Bike & Build, shirika la Marekani ambalo kuanzia mwaka 2003 liliwapeleka vijana kwa baiskeli kutoka pwani moja ya nchi hiyo hadi nyingine, wakichangisha fedha na kusimama njiani kushiriki ujenzi wa nyumba za watu wa kipato kidogo. Wafadhili wetu wameahidi mchango kwa kila kilomita tutakayoendesha.

Tumepanga siku nne za barabarani, siku tano za ujenzi, kisha turudi kwa basi. Je, siku tano zinatosha? Ni kazi gani tunaweza kuifanya, sisi ambao wengi wetu hatujawahi kushika mwiko wa fundi, bila kuiharibu nyumba ya watu? Na je, mjomba wangu ana haki anaposema kwamba fedha hizo zingetumwa tu zikalipa mafundi?

Fundi mwashi, Bagamoyo

Waalaykum salaam, dada. Siku tano hazitoshi kujenga nyumba kuanzia chini, hata mkija watu mia, kwa sababu saruji haingoji wala haiharakishwi. Tofali likishafyatuliwa linatakiwa kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima angalau, tena likiwa limefunikwa au limewekwa kivulini, na zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake baada ya siku 28. Nimewahi kuona kuta zilizopandishwa kwa tofali za juzi kwa sababu wageni walikuwa na tarehe ya kuondoka. Pembe zilikuwa zikimeguka mikononi mwa wabebaji, na ufa ulijitokeza kabla ripu haijapigwa. Kwa hiyo msingi uwe umechimbwa, umejengwa na umekauka, na tofali zote ziwe zimepangwa kiwanjani, kabla ya siku yenu ya kwanza.

Kwa hapa kwetu yapo mambo mawili ambayo lazima myasimamie kwa macho yenu. La kwanza ni mchanga. Upo wa pwani unaouzwa kwa bei ndogo, lakini una chumvi, na chumvi hiyo huzila nondo za linta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ndani kwa ndani hadi zege linapasuka. La pili ni hesabu ya tofali. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe tofali thelathini hivi za inchi sita. Mfyatuaji akiwaahidi hamsini, likwangueni tofali lake kwa ukucha, mtaona mchanga unavyodondoka.

Kazi yenu ninyi ni ile inayohitaji mikono mingi: kuchekecha mchanga, kuteka maji, kusogeza tofali, kujaza kifusi na kukishindilia. Iliyo muhimu kuliko zote ni siku ya linta. Zege la linta hutakiwa kumwagwa kwa mkupuo mmoja kuuzunguka ukuta wote, na mafundi wawili na vibarua wao huwa wanahangaika hadi jioni. Mkipanga mstari mkapokezana ndoo kutoka kwenye rundo la zege hadi kwa fundi aliye juu ya jukwaa, kazi hiyo itakwisha kabla ya adhuhuri. Kuinua pembe za ukuta na kupaua tuachieni sisi.

Mjomba wako ana haki kwa upande mmoja: msiwanyime vibarua wa mtaani riziki yao. Waajirini vijana wawili watatu wa hapo hapo wafanye kazi pamoja nanyi. Ila wafadhili wanaochanga kwa sababu ya kilomita, mimi sidhani kama wangechanga kwa barua tupu.

Linalonitia shaka ni jingine. Mtu aliyeendesha kilomita 270 viganja vyake huwa vimekufa ganzi. Ndoo ya zege ataiangusha, na aliye chini yake ni mwenzake.

Mwendesha baiskeli, Muheza

Ndugu fundi amenitangulia kwa hilo la mwisho, nami naongeza upepo. Julai ni kusi, upepo utokao kusini. Kuanzia Segera barabara inaelekea kusini, na upepo huo mtakutana nao uso kwa uso siku nzima, mkiwa na mizigo kwenye karia, huku malori na mabasi yakiwapita. Ipo dawa yake: geuzeni safari. Kodini Fuso ipeleke watu na baiskeli Bagamoyo, jengeni mkiwa na nguvu zenu, pumzikeni siku moja, kisha rudini Tanga kwa baiskeli upepo ukiwa mgongoni. Kilomita za wafadhili hazitapungua hata moja.

Siku ya kwanza ya kurudi, kilomita 64 za Bagamoyo hadi Msata ni lami nzuri isiyo na malori mengi, na hapo Kiwangwa mtakula nanasi mpaka mchoke. Baada ya Msata ndipo pa kuwa makini. Barabara inateremka kuelekea daraja la Wami. Kagueni breki mapema na shukeni mmoja mmoja, mkiachana mbali. Ondokeni mara baada ya Swala ya Alfajiri na muwe kivulini kabla ya saa tano. Tyubu za akiba na spoku bebeni wenyewe, kwa kuwa mafundi wa njiani wamezoea Phoenix, si baiskeli za gia.

Mwenyekiti wa mtaa mstaafu, Bagamoyo

Wanangu, hamjauliza kiwanja ni cha nani. Bibi kukaa pale miaka yote si ushahidi kwamba ni chake peke yake. Huenda ni mirathi ambayo haijagawanywa, na nyumba ya tofali ikishasimama, ndugu ambao hawakuwahi kumletea hata kibaba cha unga watakuja kudai fungu. Waiteni wanafamilia mbele ya mwenyekiti na mtendaji, waandike na kutia sahihi kwamba nyumba ni ya bibi, kisha ombeni kibali cha ujenzi halmashauri. Na bibi mwenyewe ashirikishwe. Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo lililoanzishwa na Millard na Linda Fuller mwaka 1976, humtaka mwenye nyumba atoe jasho lake katika ujenzi. Bibi hatabeba zege, lakini aulizwe mlango utazame wapi na jiko likae wapi.

Katibu wa kikundi, Tanga mjini

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Tumekaa kikao, na safari imegeuzwa. Wawili wetu watakwenda Bagamoyo mapema kukutana na familia ya bibi. Fundi, tulete lini fedha za msingi na tofali?

Fundi mwashi, Bagamoyo

Mwishoni mwa Mei, masika yakishapungua, lakini baada ya karatasi ya mzee kusainiwa. Hao wawili wakija nitakwenda nao kuuangalia mchanga kabla haujalipiwa.