Okestra ya treki 22 kwenye REAPER inakwaruza na noti zinapotea: ninunue RAM au SSD (diski isiyozunguka)?

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Natayarisha kwenye REAPER (programu ya kurekodi na kupanga muziki) usindikizaji wa okestra kwa wimbo wa kwaya wa dakika 4. Laptopu ni ya mtumba: i5 ya kore 4, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Intafesi ya sauti ni ya USB, ya kawaida tu. Treki ni 22 na kila moja ina Kontakt yake (plagini, yaani programu ndogo, inayopiga sauti za ala zilizorekodiwa): nyuzi 11 (legato, noti zilizounganishwa, na staccato, noti fupi, nimezitenga), ala za kupuliza za mbao 5 na za shaba 4, timpani na kinubi.

Shida ni tatu. Faili inachukua dakika 6 kufunguka. Kuanzia baa ya 33, pale ala zote zinapoingia, sauti inakwaruza na noti nyingine za chelo hazisikiki kabisa. Halafu shaba zinaingia zimechelewa, ingawa kwenye gridi noti ziko sawasawa. Bafa (kipande cha sauti kinachoandaliwa kabla ya kusikika) ni 128. Nikiipandisha hadi 1024 mikwaruzo inapungua sana, lakini zile noti bado zinapotea.

Duka moja la Oginga Odinga Street wananiambia niongeze RAM ifike 16. Itatosha?

FundiSauti_Nakuru

Mwalimu, hiyo RAM iache kwanza. Jibu umelitoa mwenyewe: bafa imepanda, mikwaruzo ikapungua, noti zikaendelea kupotea. Basi hapo una magonjwa mawili, si moja.

Mkwaruzo ni prosesa kuishiwa na muda. Bafa ya sempuli 128 (hapa sempuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), kwa sempuli 44,100 kila sekunde, inaipa milisekunde 2.9 imalize hesabu ya treki zote. Ya 1024 inaipa 23.2. Wakati wa kurekodi kwa kibodi tumia 128 au 256 ili kidole na sauti viende pamoja, na ukianza kupanga na kuchanganya weka 1024. Hakuna sababu ya kubaki kwenye 128 siku nzima.

Noti kupotea ni diski. Kontakt haibebi sauti nzima kwenye RAM. Inabeba kichwa cha kila sempuli (hapa ni noti iliyorekodiwa), na mkia inausoma diskini noti ikiwa tayari inalia. Mkia ukichelewa, noti inakatwa. Sauti moja ya stirio ya biti 24 inakula kama KB 265 kwa sekunde, kwa hiyo sauti 150 zikilia pamoja ni kama MB 40. Diski yako ingeweza kusoma MB 40 kama zingekuwa faili moja ndefu. Lakini hizi zimetawanyika sehemu 150, na kichwa cha diski ya kuzunguka kinahitaji milisekunde 10 hadi 15 kila kinaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hapo hakuna muujiza.

Na usidhani 150 ni nyingi. Akordi ya noti 4, maikrofoni 3 zikiwa zimewashwa, gurudumu la CC1 (la nguvu ya upigaji) likiwa katikati ya tabaka mbili, laini na kali: 4 × 3 × 2 = 24. Hiyo ni treki moja tu.

Hakikisha kabla ya kununua chochote. Cheza baa ya 33 huku Task Manager iko wazi na uangalie diski. Ikigonga asilimia 100 na RAM bado ina nafasi, basi ni diski. Kwenye Kontakt yenyewe kuna mita ya Disk pale juu, kando ya ile ya CPU. Kwenye REAPER bonyeza Ctrl+Alt+P uone ni treki gani inayokula prosesa zaidi.

Kinanda_Milimani

Naunga mkono SSD. Ya SATA inatosha kabisa kwa kazi hii. Kama laptopu ina nafasi ya DVD, toa DVD uweke kibebeo cha diski ya pili, lakini pima unene kwanza: vipo vya mm 9.5 na vya mm 12.7, na haviingiliani. Ukikosa, SSD ya nje kwenye mlango wa USB 3 nayo inafanya kazi.

Hamisha maktaba za sauti kwanza, Windows itafuata siku nyingine. Ukishamaliza kunakili, ipe diski mpya herufi ileile iliyokuwa na maktaba, ama sivyo Kontakt itaanza kukuuliza sempuli ziko wapi, ala moja baada ya nyingine.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Nimepima. Diski asilimia 100 kuanzia baa ya 31. RAM GB 7.1 kati ya 8. Je, hiyo RAM si imejaa pia?

FundiSauti_Nakuru

Imejaa, lakini inaweza kupunguzwa bila shilingi. Ukishaweka SSD, na si kabla, ingia mipangilio ya Kontakt sehemu ya Memory, ruhusu kubadilisha ukubwa wa preload (kile kichwa kinachobebwa kwenye RAM), ushushe kutoka KB 60 hadi 12. Kadiria kila ala ina sempuli 2,000: ala 22 × 2,000 × KB 60 ni kama GB 2.6. Kwa KB 12 inakuwa kama MB 530. Ukifanya hivyo kwenye diski ya kuzunguka utajiongezea balaa, maana kichwa kimekuwa kifupi na mkia unahitajika mapema zaidi. Baada ya kushusha, cheza sehemu nzito. Noti zikikatika, panda hadi 18 au 24.

Pili, zima maikrofoni za ziada. Bakiza moja, ile ya mchanganyiko au ya mbali kidogo.

Tatu, Purge. Noti zako zimeshaandikwa, kwa nini ubebe sempuli za noti ambazo wimbo hauzigusi? Chagua kuondoa zote, kisha cheza wimbo mwanzo hadi mwisho mara moja. Kontakt itapakia zile zinazoguswa tu. Mzunguko huo wa kwanza noti nyingi zitaruka, usishtuke.

Kinanda_Milimani

Hapa nitaongeza na pengine tutabishana. Kontakt 22 za nini? Moja inabeba ala nyingi, kila ala kwenye chaneli yake ya MIDI (maelekezo ya noti, si sauti), chaneli 16 kwa kila poti. Weka treki moja ya mama yenye Kontakt, treki ndogo zibebe MIDI tu na kuituma kwa mama: ya kwanza chaneli 1, ya pili chaneli 2, na kuendelea. Kwenye kila utumaji zima sauti, bakiza MIDI. Kisha fungua matokeo mengi ya Kontakt (1/2, 3/4, 5/6) uyapeleke kwenye treki mpya za kuchanganyia. Usirudishe sauti kwenye zile treki za MIDI. Huo ni mduara.

FundiSauti_Nakuru

Nabisha nusu. Ukiweka zote 16 ndani ya Kontakt moja, REAPER inaiona kama plagini moja na kuipa kore moja. Kore tatu zinakaa zikitazama. Halafu REAPER huwa inahesabu sauti mapema kwa treki ambazo hazirekodi. Ukiwasha kitufe chekundu cha kurekodi cha treki ndogo moja, mama naye anaingizwa kwenye hesabu ya papo kwa papo pamoja na ala zake zote 16. Utasikia mkwaruzo wakati wa kurekodi fidla peke yake, ushangae.

Gawa kwa familia: Kontakt ya nyuzi, ya mbao, ya shaba, ya midundo. Nne kwa kore nne. Na ule uwezo wa kore nyingi ulio ndani ya Kontakt uuzime, kwa sababu REAPER inagawa yenyewe na wawili wakigawa wanagongana.

Kinanda_Milimani

Familia nne, nakubali. Na rivabu (mwangwi wa ukumbi) iwe moja kwenye treki yake, kila familia itume hapo. Rivabu 22 ni kuitesa prosesa bure, na okestra inasikika kama kila mpigaji yuko kanisa lake.

Orutu_na_Chelo (Siaya)

Kuhusu shaba kuchelewa: hiyo si kompyuta. Ni jinsi sauti ilivyorekodiwa. Pumzi ya horn inachukua muda kujaa, na legato huanza na mpito kutoka noti ya awali, kwa hiyo masikio yanasikia noti baada ya gridi.

Pima hivi. Andika noti moja kwenye mwanzo kamili wa baa, igeuze kuwa sauti, vuta picha ya wimbi karibu, uhesabu milisekunde kutoka mstari wa baa hadi pale sauti inapojaa. Tuseme ni 90. Fungua dirisha la miunganisho ya treki hiyo, pale kwenye kuchelewesha uchezaji andika -90. Legato na staccato hazilingani, ndiyo maana ulifanya vyema kuzitenga. Wimbo uanze baa ya 3, usianze baa ya 1, la sivyo noti ya kwanza itakatwa kichwa kwa kuwa hakuna muda nyuma yake.

Halafu nyuzi: usipige akordi nzima kwenye ala moja ya kundi. Kama walirekodiwa wapigaji 14, akordi ya noti 4 ni wapigaji 56. Gawa kama kwaya: soprano kwa fidla 1, alto kwa fidla 2, tenor kwa viola, besi kwa chelo. Chora CC1 kwa nguvu ya upigaji, CC11 kwa kupanda na kushuka ndani ya mstari, na CC7 (sauti ya jumla ya chaneli) usiiguse.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Asanteni sana. SSD nitanunua mwisho wa mwezi. Kwaya inarekodi Jumamosi hii. Kuna njia ya kufika Jumamosi na diski hii hii?

FundiSauti_Nakuru

Ipo: gandisha. Chagua treki za nyuzi, menyu ya Track, Freeze kwa stirio. REAPER inatengeneza faili ya sauti na kuishusha plagini kutoka RAM. Kila treki ya dakika 4 ni kama MB 64, zote 22 ni kama GB 1.4, na hata diski yako inazisoma bila jasho kwa sababu ni faili ndefu zilizonyooka. Anza na familia moja, kisha nyingine. Ukitaka kurekebisha noti, yeyusha hiyo moja tu. Kubonyeza bypass (sauti kuiruka plagini) peke yake hakukupi RAM. Kinachoitoa ni kuiweka plagini offline au kuigandisha.

Kasi ya kutoa sauti iwe 1x au ya papo kwa papo. Ukiiacha kasi kamili, diski hiyo inaweza kuruka noti na usigundue hadi kwaya iko mbele yako. Sikiliza kila faili, hasa baa ya 33.

Na mambo madogo: chaja iwe imechomekwa, mpango wa umeme uwe wa utendaji wa juu, Wi-Fi izimwe. Joto la Kisumu mchana si mchezo. Feni ikijaa vumbi prosesa inashusha kasi yenyewe, na mikwaruzo inarudi baada ya dakika 20 hata kama umepanga vizuri. Ipulize kabla ya Jumamosi.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Nimegandisha nyuzi 11. RAM imeshuka hadi GB 4.6, baa ya 33 imepita safi. Swali la mwisho: kuna orutu (fidla ya Waluo ya uzi mmoja) itarekodiwa juu yake, na haiko 440 (Hz za noti ya A, kipimo cha kawaida cha ala).

Orutu_na_Chelo (Siaya)

Kama mpigaji anaweza kukaza uzi, mwombe aje 440, ndiyo rahisi. Kama sauti yake inapendeza pale ilipo, pima kwa ReaTune (plagini ya REAPER ya kupima noti). Ikiwa kwa mfano ni 432, tofauti ni senti 32 chini (senti 100 ni nusu toni). Badilisha Master Tune katika kila Kontakt, zote, kisha gandisha upya. Kwa hiyo pima orutu kabla ya kugandisha shaba na mbao, na hizo nyuzi 11 itabidi uziyeyushe.