Kitaliano nimekijua, kazi hakuna. Niendelee ama niache?

binti_malindi
Jamani habari za jioni. Naomba mnijibu kwa moyo. Mimi ni wa hapa Malindi, Kitaliano nimejifunza miaka mitatu, nlianza kuokota maneno kwa wageni bichi halafu nikanunua daftari, kila neno jipya naandika, manake huku kila mtu ajua ukiwa na Kitaliano hoteli inakuchukua haraka. Sasa masika yameingia, hoteli imefunga, nipo nyumbani. Kila nikishika daftari mamangu ananambia "mwanangu, hicho Kitaliano leo kitatupikia nini?" na sina jibu.

Lakini juzi nimeingia famasi nikamkuta nyanya mmoja wa Kitaliano, mzee sana, anasema "mi gira la testa" huku ameshika kichwa, na muuzaji ashamtolea dawa ya kuumwa kichwa. Nikamwambia hapana, huyu ana kizunguzungu, kichwa kinamzunguka. Basi yule nyanya akanishika mkono hakuniachia mpaka tuktuk yake ikaja. Nimerudi nyumbani nimejaa mpaka chakula kimenishinda. Wenzangu mliojifunza lugha za watu, nyinyi mmepata nini nje ya pesa?

mvuvi wa Ngomeni
Dadangu usiache. Babu yangu alikuwa kibarua hapa Ngomeni enzi Wataliano wanarusha setilaiti kutoka kule baharini, jukwaa lao la San Marco, walianza 1967, na ile iliyoitwa Uhuru ikaruka 12 Desemba 1970. Babu hakusoma shule lakini alikuwa akituhesabia tre, due, uno, ndio tunaruka kutoka ukutani, ndio Kitaliano changu cha kwanza hicho. Mimi kilichonipa raha ni sikio. Kiu ni sete, saba ni sette, ile ya saba unaikaza t unaikalia kidogo, na sisi kwa Kiswahili hatuna hiyo, kwa hivyo mwaka mzima kwangu zilikuwa neno moja. Siku nilipozisikia zimeachana nlifurahi wallahi, ni kama mtu kaniongeza sikio la tatu.

kaka_mkubwa
Pesa pia muhimu, tusidanganyane. Ongeza Kijerumani, msimu ukirudi utakuwa mbele ya wenzio.

Ummu wa Lamu
Mwanangu mie ni wa Lamu, Kiarabu nimekisoma ukubwani, watoto washaolewa. Qurani nalisoma tangu udogoni ila kwa herufi tu, maana siyajui. Sasa siku moja tuko kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ustadhi kaandika ubaoni r-h-m, akasema hapa ndipo inapotoka rehema, ndipo Rahmani na Rahimi, na ndipo marehemu, marehemu ni mtu aliyerehemewa. Kalamu ikanitoka mkononi. Babangu alikufa nna miaka tisa, maisha yangu yote namwita marehemu babangu na nikidhani nasema amekufa, kumbe miaka yote hiyo kila nikimtaja namuombea. Nlilia mbele ya darasa sikuona haya. Neno ni letu, kila siku tunalo mdomoni, lakini kulisikia ilibidi nende nikalisomee kwa wenyewe. Hiyo hakuna hoteli ya kukulipa. Mamako msalimie, na usimjibu kwa ukali, naye ana hofu yake ya jikoni.

binti_malindi
Shukran sana nyote, mama wa Lamu Mungu akuzidishie. Nimemsomea mamangu hiyo ya marehemu, alikuwa uani anafua, akaacha kufua. Kisha akaniuliza, na hao Wataliano wako sabuni waitaje? Nikamwambia sapone. Amekaa kimya, ameiangalia ile sabuni mkononi, akanambia hebu rudia.