Nimekabidhi vifurushi Jumatatu, leo Alhamisi traking bado inasema lebo imetengenezwa tu. Nifanyeje?

Bi Khanga

Habari zenu wapendwa. Niko huku Marekani, Texas, nauza khanga na vitenge mtandaoni, wateja wangu wengi ni dada zetu wa Ohio, Minnesota na Kentucky. Lebo nalipia mtandaoni, naprinti hapa nyumbani na kubandika, nikifika kituoni ni kukabidhi tu. Sasa Jumatatu jioni nimepeleka vifurushi 6, kituo chenyewe sitakitaja, nikakuta foleni imefika mlangoni, kijana wa kaunta akaniambia weka tu hapo kwenye toroli, nikaweka nikaondoka zangu.

Leo Alhamisi vyote sita vinasoma lebo imetengenezwa, mzigo haujapokelewa. Mteja mmoja wa Columbus ana shughuli Jumamosi hii, khanga doti nane za sare ya familia nzima zimo humo. Jana usiku kaniandikia, dada kumbe hukutuma, umenidanganya. Imeniuma jamani, mzigo nimeubeba kwa mikono yangu mwenyewe. Risiti sina. Ndo vimepotea? Na huyu dada nimjibu nini?

Shifti ya Usiku

Pole sana dada. Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha kuchambua vifurushi, usiku kucha ni toroli na mikanda, kwa hiyo hili naliona kila siku. Usianze kulia mapema.

Elewa kitu kimoja, ile namba ya traking inazaliwa pale unapolipia lebo, sio unapokabidhi mzigo. Mtu anaweza kuprinti lebo akalala nayo wiki nzima, kwenye mfumo itasomeka hivyohivyo kama ya kwako. Kinachobadilisha ni skani ya kwanza, yaani mtu au mashine kusoma ile mistari myeusi ya lebo (barcode). Kijana wa kaunta hakuskani, toroli likapandishwa kwenye lori likaletwa sehemu kama kwetu. Hapa mashine inatakiwa ivisome, lakini inategemea. Mifuko ya plastiki yenye nguo ndani ndo inasumbua kuliko maboksi, maana nguo inahamahama humo ndani, mfuko unajikunja, mistari inavunjika kwenye ukingo, mashine inapita nayo bila kuona kitu, hapo mpaka mtu aichukue kwa mkono. Wengine wanapitisha selotepu ya kung'aa juu ya mistari wakidhani wanailinda, taa ya skana inarudi kama kioo. Bandika selotepu pembeni ya lebo, mistari iache wazi, na lebo ikae sehemu iliyonyooka kabisa.

Nimeshaona mzigo unakaa kimya siku nne halafu skani yake ya kwanza inatokea mji wa mpokeaji kabisa. Kwa hiyo kutoonekana sio kupotea.

Ila nakuomba usiombe kurudishiwa hela ya hizo lebo sasa hivi. Mzigo ukiwa bado njiani na lebo umeifuta, unahesabika kama haujalipiwa, unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Mama Subira

Shoga mimi nauza mwaka wa saba huu, hiyo ya weka hapo kwenye toroli ilishanitoa machozi.

Namba yako inaanzaje? Kama ni tarakimu 22 zinazoanza na 9 basi ni USPS, yaani posta ya serikali ya huku Marekani, ikianza na 1Z ni UPS, kampuni binafsi ya usafirishaji. Kama ni USPS kuna karatasi inaitwa SCAN form, fomu namba 5630, unaitoa palepale unaponunulia lebo. Vifurushi vyako vyote vya siku hiyo vinaingia kwenye barcode moja ya karatasi hiyo, karani anaskani mara moja tu, vyote sita vinasoma vimepokelewa. Sharti lebo ziwe na tarehe moja na zitoke zipkodi moja, yaani namba moja ya eneo la posta. Foleni ikiwa ndefu vipi, hiyo karatasi haimchukui hata dakika. Na ukiwa nyumbani unaweza kuomba postamani apitie kuchukua mlangoni, ni bure, mwombe akuskanie hapohapo ukiona.

Kama hufanyi hivyo basi dai risiti ya kupokelewa. Usiondoke bila risiti, hata kama watu nyuma yako wananuna. Kwenye eBay muda wako wa kutuma wanauangalia kwa ile skani ya kupokelewa, maelezo kwamba uliacha Jumatatu hayakusaidii.

Zikipita siku 7 fungua ombi la kutafutiwa mzigo, weka picha za khanga zenyewe, rangi na maandishi yake, kwa sababu mzigo uliobanduka lebo unapelekwa Atlanta kwenye kituo chao cha mali zisizojulikana, na kule wanafungua wanalinganisha. Ndo maana mimi kila mfuko naweka kikaratasi ndani chenye jina na anwani ya mteja. Na kama ulituma kwa Ground Advantage, huduma ya vifurushi ya USPS, bima ya dola 100 imo ndani, madai ni kuanzia siku ya 15 hadi ya 60.

Mteja mwambie ukweli wote, na mtumie picha ya mzigo kama unayo.

Kaka wa Kariakoo

Samahani nadandia, mimi nipo Dar, dada yangu ananitumia mzigo kutoka huko. Namba inaishia na US, nisubiri nyingine ya Tanzania?

Shifti ya Usiku

Hapana kaka, ni hiyohiyo. Namba ya kimataifa ina herufi mbili mwanzo, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi ulikotoka. Wa kutoka huku US, wa kutoka kwenu TZ, wa Kenya KE. Ukifika Posta ya huko wanaendelea kuskani namba hiyohiyo.

Bi Khanga

Nimerudi na majibu wapendwa. Ijumaa usiku vimeonekana vitano, viwili skani ya kwanza ni mji wa mteja kama alivyosema kaka wa shifti. Ule wa Columbus umefika Jumatatu, shughuli imeshapita, familia ilivaa sare za zamani. Nilimpigia simu badala ya kuandika, nikamweleza mwanzo mwisho, nimemrudishia nusu ya hela na khanga kabaki nazo. Wa sita bado, wa Louisville, ombi nimefungua leo na picha nimeweka, bahati nilikuwa nimezipiga kwa ajili ya tangazo.

Leo nilikuwa na vifurushi vinne, nimeenda na ile fomu. Kijana ni yuleyule, akanionyesha toroli, nikamwambia naomba uniskanie hii karatasi kwanza. Kaskani. Kabla sijafika kwenye gari simu imelia, vyote vinne vimepokelewa. Mama Subira Mungu akubariki.